Wasichana Wasibaki Pembeni ya Uwanja

Mazungumzo juu ya haki katika michezo ya shule, kwa walimu na watumishi wa umma wa Arusha



Katika shule nyingi za Tanzania siku huanza kwa mchakamchaka. Asubuhi na mapema, wakati kilele cha Mlima Meru bado kimefunikwa na mawingu, wanafunzi hujipanga kwa mistari na kukimbia kwa hatua moja, huku wakiitikia wimbo mmoja. Wavulana wamo na wasichana wamo. Hakuna mwalimu anayewaambia wasichana wakae kando kwa kuwa mbio si kazi yao, wala hakuna mzazi aliyewahi kufika shuleni kulalamika kwamba mchakamchaka umemharibia binti yake. Kwa muda wa nusu saa usawa upo, na kila mtu anauona kuwa ni jambo la kawaida.

Lakini ifikapo saa kumi jioni ya siku hiyo hiyo, mambo hubadilika. Uwanja ule ule huwa mali ya wavulana. Mpira wa miguu hutolewa ofisini, mwalimu wa michezo hushika filimbi, na timu hugawanywa. Wasichana wachache hupewa kona moja kwa ajili ya mpira wa pete, endapo magoli ya pete yapo na endapo mpira wenyewe haujapasuka. Waliobaki huchukua madaftari yao na kwenda nyumbani kuteka maji, kupika na kulea wadogo zao. Hakuna aliyetoa amri kwamba iwe hivyo, wala hakuna waraka uliosema hivyo. Ni mazoea tu, na mazoea yasiyoulizwa hugeuka kuwa sheria bila ya kupita Bungeni.

Jambo hili linastahili kuzungumzwa Daraja Mbili kuliko mahali pengine pengi. Kata hii, kama jirani zake Ngarenaro, Unga Limited na Sombetini, ni sehemu ya mji iliyosongamana. Nyumba zimekaribiana, vichochoro ni vyembamba, na kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Mtoto wa kijijini kwenye miteremko ya Meru anaweza kukimbia njiani akienda kisimani au shambani. Mtoto wa Daraja Mbili hana nafasi hiyo. Mvulana wa mjini angalau hucheza mpira wa makaratasi barabarani hadi giza liingie, na watu humwona kuwa ni mtoto wa kawaida. Msichana akifanya hivyo huitwa mhuni. Kwa hiyo kwa msichana wa mjini, uwanja wa shule ndio uwanja pekee alio nao. Akinyimwa huo, amenyimwa vyote.

Neno daraja lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni kivuko cha kumtoa mtu ng'ambo moja na kumfikisha ng'ambo nyingine. Maana ya pili ni cheo, yaani ngazi ya juu na ngazi ya chini. Shule inatakiwa kuwa daraja kwa maana ile ya kwanza. Isije ikawa mahali penye wanafunzi wa daraja mbili, wale wa uwanjani na wale wa pembeni ya uwanja.

HISTORIA INASEMAJE?

Karibu kila mwanafunzi wa Tanzania amefundishwa jina la Filbert Bayi. Huyo ni mwana wa Karatu, katika mkoa huu huu wa Arusha, ambaye tarehe 2 Februari 1974 alivunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata medali ya fedha katika mita 5,000. Hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipokwisha, hizo ndizo zilizokuwa medali mbili pekee za Tanzania katika Olimpiki. Na mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo. Ni haki taifa liwaenzi watu hao.

Hata hivyo, ni wanafunzi wangapi wanaolijua jina la Theresia Dismas? Mwaka 1965, miaka tisa kabla ya ushindi wa Bayi kule Christchurch, mwanamke huyo alikwenda Brazzaville katika Michezo ya Afrika ya kwanza na kurudi na medali ya fedha ya kurusha mkuki. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata miaka minne. Baadaye wakaja wengine. Mwinga Mwanjala na Nzaeli Kyomo waliivalia Tanzania jezi katika Olimpiki ile ile ya Moscow ya mwaka 1980. Zakia Mrisho alifika fainali ya mita 5,000 ya Mashindano ya Dunia ya Helsinki mwaka 2005 na kumaliza wa sita. Mwezi Septemba 2023 Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin, mojawapo ya marathoni kubwa kabisa duniani, kwa muda wa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Mwaka uliofuata yeye na Jackline Sakilu waliiwakilisha nchi katika marathoni ya wanawake ya Olimpiki ya Paris.

Orodha hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba uwezo upo, na haukuanza jana. La pili ni kwamba majina hayo ni machache mno yakilinganishwa na wingi wa wasichana waliopita katika shule za nchi hii tangu mwaka 1965. Kati ya Theresia Dismas na Magdalena Shauri imepita miaka 58. Hakuna awezaye kuhesabu wasichana wenye mapafu imara na miguu myepesi ambao katika miaka hiyo waliachia mbio zao kwenye mchakamchaka wa darasa la saba, kwa sababu tu hapakuwa na mtu aliyeshika saa na kupima muda wao.

Nchi jirani zimepitia njia hiyo hiyo. Kenya ilipata medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964, kwa juhudi za Wilson Kiprugut. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali, Pauline Konga, aliipata Atlanta mwaka 1996, yaani baada ya miaka 32. Uganda ilipata dhahabu ya kwanza mwaka 1972 kwa John Akii-Bua, na dhahabu ya kwanza ya mwanamke ilipatikana mwaka 2021 mjini Tokyo, pale Peruth Chemutai alipowashinda wenzake katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hiyo ni miaka 49. Wanawake wa nchi hizo hawakuwa wamekosa nguvu kwa miaka yote hiyo. Walichelewa kwa kuwa mlango ulichelewa kufunguliwa. Ulipofunguliwa, Wakenya wanawake wameleta nyumbani dhahabu ambazo wanaume wao wanazionea fahari.

FIKRA POTOFU

Wako watu, na baadhi yao wana elimu ya kutosha, wanaosema kwamba mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa mashindano. Fikra hiyo si ya Kiafrika peke yake, wala si ya wazee wa vijijini peke yao. Mwaka 1928, katika Olimpiki ya Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita 800. Mbio zilipokwisha, magazeti ya Ulaya na Marekani yalieneza habari kwamba wakimbiaji walianguka ovyo kwa uchovu kama watu waliopigwa, habari ambazo zilitiwa chumvi nyingi. Kwa sababu ya habari hizo mbio hizo zilifutwa kwa wanawake hadi mwaka 1960. Marathoni ya wanawake nayo haikuingizwa katika Olimpiki hadi mwaka 1984. Leo mwanamke wa Tanzania anamaliza kilomita 42 kwa saa mbili na dakika kumi na nane, na wanaume walio wengi hawawezi kumfuata hata kwa baiskeli mbovu. Fikra ile ilikuwa uongo mwaka 1928, na ni uongo leo.

Wengine husema kwamba mbio huharibu kizazi. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Wanariadha wengi mashuhuri wamezaa watoto wao salama na kurudi uwanjani kushinda tena. Kinachomdhuru msichana ni kufanya mazoezi mazito huku amekosa chakula cha kutosha na madini ya chuma mwilini, jambo ambalo dawa yake ni mboga za majani, maharage, nyama inapopatikana, na mwalimu mwenye macho. Kumzuia asicheze si dawa.

Wapo pia wanaosema, "Wasichana wenyewe hawataki michezo." Hoja hii ndiyo inayosikika mara nyingi katika ofisi za walimu, nayo inahitaji kujibiwa kwa makini, kwa sababu ina sura ya ukweli. Ni kweli kwamba mwalimu akitangaza mstarini, "Wanaotaka michezo wabaki," wavulana wengi hubaki na wasichana wengi huondoka. Lakini mtu akichunguza ataona kwamba wasichana hao wanaondoka kwa sababu zinazojulikana. Nyumbani kuna ndoo inayowasubiri. Hawana vazi la michezo, na sketi ya shule haifai kurukia. Wako katika siku zao na shule haina maji wala mahali pa faragha. Watachekwa na wavulana watakaojipanga pembeni. Kocha ni mwanamume, na mama amewaonya wasichelewe kurudi. Msichana mwenye vikwazo vitano mbele yake huamua kwenda nyumbani, kisha mtu mzima asiye na kikwazo hata kimoja huandika katika ripoti kwamba msichana huyo hana mwamko.

Mfano mzuri wa kuonyesha udhaifu wa hoja hiyo ni mpira wa miguu wenyewe, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa mchezo wa wanaume. Mwaka 2022 timu ya taifa ya wasichana wa chini ya umri wa miaka 17, Serengeti Girls, ilifuzu kwenda Kombe la Dunia nchini India, ikaishinda Ufaransa mabao 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Wasichana hao walizaliwa katika nchi hii na kusoma katika shule za nchi hii. Walipewa mpira, kocha na muda, na mwamko ukaonekana.

HESABU YA UWANJA

Usawa ni neno zuri, lakini hupimwa kwa saa na kwa shilingi. Tuseme, kwa mfano, iko shule yenye wanafunzi 1,000, nusu yao wasichana, na ina uwanja mmoja. Muda wa michezo ni saa moja na nusu kila jioni, siku tano kwa wiki. Hiyo ni saa saba na nusu. Timu ya mpira wa miguu ya wavulana ina wachezaji 20 pamoja na wa akiba, nayo huuchukua uwanja siku nne. Maana yake watoto 20 wana saa sita za uwanja, na watoto 980 wanagombania saa moja na nusu iliyobaki. Hesabu hiyo haiwadhulumu wasichana peke yao. Inawadhulumu pia wavulana 480 ambao hawakuchaguliwa katika timu. Mwalimu atakayeugawa uwanja kwa haki atagundua kwamba amewapa nafasi hata wavulana wanyonge, wafupi na wasiojua mpira, ambao pengine ndio wakimbiaji.

Hofu ya kwamba kumpa msichana ni kumnyang'anya mvulana imejibiwa na uzoefu wa nchi nyingine. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria, ijulikanayo kama Kifungu cha Tisa, iliyokataza ubaguzi wa jinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali. Wakati huo wasichana waliokuwa wakishiriki michezo ya shule za sekondari za nchi hiyo hawakufika 300,000. Wavulana walikuwa zaidi ya milioni 3 na nusu. Miaka 40 baadaye wasichana walikuwa wamezidi milioni 3, na wavulana hawakupungua bali waliongezeka na kupita milioni 4. Marekani ni nchi tajiri na mambo yake mengi hayafai kuigwa, lakini somo hili halihitaji utajiri. Mlango ukipanuliwa, wote hupita.

Tanzania haikosi sheria wala ahadi. Katiba ya mwaka 1977 inatangaza katika ibara za 12 na 13 kwamba watu wote ni sawa na inakataza ubaguzi. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mwaka 1985 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao katika ibara yake ya 10 unataja waziwazi nafasi sawa katika michezo na elimu ya viungo. Ahadi imetolewa, na mtekelezaji wake ni mwalimu mwenye filimbi na ofisa mwenye kalamu.

Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na yale ya sekondari, UMISSETA, ni hazina kubwa katika jambo hili. Humo wasichana wana mbio zao, mipira yao na medali zao. Mapema katika miaka ya 2000 mashindano hayo yalisimamishwa kwa muda kabla ya kurudishwa. Kipindi hicho kilikuwa na hasara kwa watoto wote, lakini hasara haikugawanywa sawasawa. Wavulana waliendelea na mpira wa mitaani na vilabu vya vijana. Wasichana hawakuwa na mtaa wala klabu. Kila shule inapofuta kipindi cha michezo ili kufundisha hesabu ya ziada, inarudia kosa hilo kwa kiwango kidogo, na anayeumia kwanza ni yule yule.

ULINZI NA HESHIMA

Ndugu walimu, liko jambo moja ambalo wazazi wengi wa Daraja Mbili hulifikiria bila kulisema mbele ya mwalimu. Mzazi anapomkatalia binti yake kwenda kambini, mara nyingi si kwamba anachukia riadha. Anauliza moyoni mwake, binti yangu atalala wapi, atasindikizwa na nani, na nani atamlinda dhidi ya wale wanaopaswa kumlinda? Swali hilo ni la haki. Kumwita mzazi huyo mshamba ni kumkosea.

Jibu lake ni utaratibu, na maneno matupu hayatoshi. Timu ya wasichana isisafiri bila mwalimu mwanamke. Mabweni ya kambi yatenganishwe na yalindwe. Mzazi apewe barua yenye majina ya wasindikizaji, mahali pa kulala na siku ya kurudi. Mazoezi yaishe mapema kiasi cha mtoto kufika nyumbani kabla ya giza. Na kila mtu ajue, kuanzia kocha hadi dereva wa gari, kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto huyo, na kwamba mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono ili ampe msichana nafasi katika timu anatenda kosa la rushwa chini ya sheria ya mwaka 2007. Mkosaji wa namna hiyo asihamishiwe shule nyingine kimyakimya. Apelekwe mbele ya sheria. Kocha mmoja anayefichwa huwatoa uwanjani wasichana mia moja wa kata nzima, kwa kuwa habari husambaa na wazazi hufunga milango.

Heshima inahusu pia mwili na mavazi. Yako majumba ambayo binti hawezi kuvaa bukta mbele za watu, ama kwa imani ama kwa malezi. Suruali ndefu ya michezo na kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri havipunguzi kasi ya mtu. Mwalimu asimlazimishe mtoto kuchagua kati ya dini yake na mbio zake. Hali kadhalika suala la hedhi lisifanywe fumbo. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha baada ya kuonekana kwamba bei haikushuka madukani. Funzo lake ni kwamba nafuu lazima imfikie mtoto mwenyewe. Shule inayoweza kununua mpira wa miguu inaweza kuweka katoni moja ya taulo za kike katika kabati la mwalimu mlezi, pamoja na ndoo ya maji na sabuni.

KAZI YA KUFANYA

Yapo mambo ambayo hayahitaji kusubiri bajeti kuu wala mgeni kutoka nje. Mwalimu mkuu anaweza kuyaanza Jumatatu.

Kwanza, uwanja uwe na ratiba iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, yenye siku za wasichana zinazolingana na siku za wavulana. Kisichoandikwa huchukuliwa na mwenye nguvu.

Pili, mazoezi ya wasichana yawekwe ndani ya muda wa shule kadiri inavyowezekana, kwa kuwa saa ya baada ya shule si mali yao bali ni mali ya jiko. Huu ndio utofauti kati ya kutoa kitu sawa na kutenda haki. Saa kumi jioni ni ile ile kwa wote, lakini mzigo unaosubiri nyumbani si ule ule. Wakati huo huo wazazi waelezwe kwamba hata mvulana ana mikono ya kubebea ndoo.

Tatu, kila mwanafunzi, msichana kwa mvulana, apimwe mbio mara moja kila muhula, mita 100 na mita 800, na muda wake uandikwe katika daftari la shule. Saa ya simu ya mwalimu inatosha. Kipaji hakionekani kwa kutazama tu, hasa kwa mtoto mwenye aibu. Daftari halina upendeleo, nalo litaonyesha vipaji ambavyo tangazo la mstarini halikuviona.

Nne, wapatikane walimu wanawake wa michezo. Katika shule nyingi za mjini walimu wanawake ni wengi, lakini kazi ya michezo hupewa mwanamume kana kwamba filimbi ina jinsia. Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya kipo kwa ajili ya kuwafunza walimu wa kazi hiyo. Maofisa elimu wanapopendekeza majina ya kwenda mafunzoni, na waangalie ni majina mangapi ya wanawake yamo.

Tano, fedha za michezo, hata zikiwa chache namna gani, zionyeshwe kwa mgawanyo mbele ya kamati ya shule. Ikiandikwa kwamba shilingi kadhaa zimetumika kwa wavulana na kadhaa kwa wasichana, wajumbe watauliza wenyewe. Zikiandikwa "michezo" tu, hakuna atakayeuliza.

Sita, ushindi wa wasichana utangazwe mstarini kwa sauti ile ile, kwa makofi yale yale na zawadi ile ile. Mtoto hujua thamani yake kwa kusikiliza jinsi jina lake linavyotajwa.

Kwa upande wa maofisa, Arusha ina bahati ambazo mikoa mingine haina. Mji uko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari na barabara za miteremko ya Meru zimewafunza wakimbiaji wengi wa mbio ndefu. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid upo katikati ya mji, na mwaka 2024 ulianza ujenzi wa uwanja mkubwa wa watazamaji 30,000 katika kata ya Olmoti kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Viwanja vikubwa ni fahari ya nchi. Lakini mwanariadha hazaliwi katika uwanja mkubwa. Huanzia katika uwanja wa vumbi wa shule ya msingi, na uwanja huo usipolindwa dhidi ya wavamizi, au ukigeuzwa kuwa maegesho na vibanda, fahari hiyo itabaki ya kutazama wageni wakishinda.

Mwaka 2017 Baraza la Michezo la Taifa, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, liliandaa Dar es Salaam mashindano maalumu ya riadha ya wanawake, na Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York ya mwaka 1989, alikuwa mstari wa mbele kuyahamasisha. Hatua hiyo ilikuwa njema, kwani iliwakusanya wasichana kutoka mikoani. Lakini mashindano ya taifa hukusanya tu kilichopandwa mashuleni. Mkoa usiopanda hauna cha kupeleka.

Mwisho, isidhaniwe kwamba jambo hili ni la medali peke yake. Kati ya wasichana mia watakaokimbia Daraja Mbili, pengine hatapatikana hata mmoja wa kwenda Olimpiki. Wote mia, hata hivyo, watakuwa wamejifunza kushindwa bila kulia na kushinda bila kujigamba, kuamka mapema, kuheshimu kanuni, na kuuona mwili wao kuwa ni mali yao yenye nguvu, wala si kitu cha kuonewa aibu. Msichana aliyezoea kushindana kwa haki uwanjani hatakubali kwa urahisi kudhulumiwa ofisini, sokoni au nyumbani. Na mvulana aliyemwona dada yake akimpita katika mzunguko wa mwisho atakua akijua, bila kuhubiriwa, kwamba heshima haigawiwi kwa jinsia.

Mchakamchaka wa asubuhi umekwisha kuonyesha kwamba watoto hawa wanaweza kukimbia pamoja. Kazi iliyobaki ni ya watu wazima, nayo ni kuhakikisha kwamba usawa huo wa nusu saa unadumu hadi jioni. Ratiba iandikwe, saa ishikwe, daftari lifunguliwe. Wasichana wa Daraja Mbili wako tayari mstarini.